Dondoo muhimu: Kuvuka Ufaransa kwa gari-nyumba majira ya baridi

Anayeshuka kutoka Calais mwezi Januari kulifuata jua la Andalusia hukutana na theluji kwanza.

Njia. Barabara ya A75, kusini mwa Clermont-Ferrand, haina tozo isipokuwa kwenye daraja la Millau, lakini hupanda zaidi ya mita 1,100. Theluji ikitabiriwa, njia ya Bordeaux hadi Irun ni salama zaidi: hupita pwani, chini ya milima ya Pyrenees.

Matairi. Kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, maeneo mengi ya milimani Ufaransa hudai matairi ya baridi au minyororo.

Gesi. Butani hugoma kugeuka mvuke baridi ikifikia nyuzi 0. Propani huendelea kuwaka hata usiku wa barafu kali, hivyo ndiyo ya kujaza.

Maji. Vituo vingi vya manispaa hufunga mabomba yasipasuke. Dereva mzoefu hujaza tangi kila akutapo bomba lililo wazi.

Siku. Tangu Brexit, Mwingereza asiye na viza wala kibali cha ukaazi huruhusiwa siku 90 katika kila 180 ndani ya Schengen. Za Ufaransa na Hispania huhesabiwa pamoja.