Mwana Kabla ya Miaka Saba



Katika darasa letu la mwezi uliopita, mama mmoja alituuliza swali. Alisema kuwa mwanawe ana miaka minne, amekwishatiwa chuoni na skuli pia, na kila asubuhi hulia na kushika mlango asitolewe. Akauliza: "Je, mwanangu ni mkaidi, au sisi ndio tuliokosea?" Twaona swali hili lastahiki kujibiwa mbele ya wote, kwani nyumba zenye kilio hicho mjini mwetu si chache.

Jawabu letu ni kuwa mtoto wa umri huo haujui ukaidi kama tuujuavyo sisi watu wazima. Hulia kwa kuwa aogopa, au amechoka, au atakiwa kufanya jambo asiloliweza bado. Basi kabla ya kumlaumu yeye, yatupasa tujihisabu wenyewe.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwaamrisha watoto Swala wafikapo miaka saba. Ikiwa Swala, iliyo nguzo ya dini, haikuamrishwa kabla ya umri huo, ni kwa hoja gani twamlazimisha mtoto wa miaka mitatu kukaa mkekani asubuhi nzima bila ya kutikisika, na akitikisika apigwe? Wala isifahamike kuwa miaka hiyo ya mwanzo ni ya bure. Hiyo ndiyo miaka ya kupenda. Aliyelipenda jambo kabla ya kuamrishwa, siku ya kuamrishwa huliona jepesi. Na aliyelichukia mapema, huenda akalikimbia maisha yake yote. Ni hasara iliyoje mtoto kuijua sauti ya fimbo kabla ya kuijua ladha ya Qur'ani!

Tazameni mwendo wa Mtume mwenyewe. Alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba tena. Alimuuliza Abu Umair, nduguye Anas aliyekuwa mdogo, habari za kindege chake. Na Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwake, mkono wake ulipokuwa ukizunguka sahanini, hakupigwa wala hakutahayarishwa. Alifunzwa mambo matatu tu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Maneno machache, kwa upole, na kwa wakati wake. Huko ndiko kufundisha mtoto.

Sasa twapenda kutaja mambo ambayo kila mzazi aweza kuyafanya, awe tajiri au maskini.

La kwanza ni mazungumzo. Mtoto hupata akili kwa kusemezwa. Mama apikapo na amwambie: hiki ni kitunguu, hili ni bamia, hesabu viazi hivi. Baba atokapo msikitini na amshike mkono, amwonyeshe jahazi, mnazi na mwezi mwandamo. Usiku bibi na amtolee hadithi na vitendawili. Na wasemeze kwa Kiswahili chao kizuri. Wako wazazi wanaoona fahari kumsemeza mtoto Kiingereza kibovu, hata akawa hana lugha moja aliyoithibiti. Hali mtaala wa nchi yetu wenyewe wataka mtoto mdogo afundishwe kwanza kwa lugha ya mahali anapoishi.

La pili ni mchezo. Wengi wetu huona mchezo ni upuzi, na kumbe ndio kazi ya mtoto. Akipanga vifuu huku akivihesabu, yuasoma hisabu. Akifinyanga unga au udongo, yuavipa nguvu vidole ambavyo kesho vitashika kalamu. Mifupa ya kiganja cha mtoto wa miaka mitatu haijakomaa, na kumlazimisha kuandika mistari mizima ni kumtesa. Ama simu, ambayo siku hizi imefanywa yaya, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazamishwe kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Simu haimjibu mtoto aulizapo.

La tatu ni kuchagua mahali pa kumpeleka. Serikali imeweka miaka miwili ya masomo ya awali, mtoto akianza takriban miaka minne, kisha huingia Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Tangu Katiba ya 2010, masomo hayo ya awali ni amana ya serikali za kaunti. Basi kama mtaa wenu hauna darasa au mwalimu, waulizeni wawakilishi wenu. Msitazame rangi ya jengo wala wingi wa vitabu. Ingieni ndani muangalie: watoto wacheka? Mwalimu huinama wanapomsemeza? Choo ni safi na maji yapo? Na mjue kuwa hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, walianzisha mpango wa chekechea za madrasa. Akina mama wa mitaani walifunzwa ualimu, vifaa wakavitengeneza kwa vitu vilivyo karibu nao, na Qur'ani ikafundishwa pamoja na mchezo. Mpango huo ukaenea hata Zanzibar na Uganda. Basi asiseme mtu kuwa jambo hili haliwezekani kwetu.

La nne ni fimbo. Ilikuwa desturi ya wazee kumkabidhi mwalimu mtoto na kumwambia kuwa nyama ni yake, mifupa ndiyo watakayoitaka. Twawaheshimu wazee wetu, lakini desturi si dini. Anas alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, na ametueleza kuwa hakuambiwa hata "uff". Sheria ya nchi nayo, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, imekataza kumpiga mwanafunzi.

La tano ni afya. Daftari la kliniki lisiachwe mtoto anapomaliza sindano za utotoni. Chanjo ya surua hutolewa katika miezi tisa, na ya pili katika miezi kumi na minane. Na matone ya vitamini A hutolewa kila miezi sita mpaka mtoto akaribie miaka mitano. Na hapa twasema wazi: mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wako wasemao ni nyuni, wakamfukizia na kumfunga hirizi, na huku saa zinapita. Jambo hilo aghalabu hutokana na homa kali, na homa hiyo yaweza kuwa ya malaria, nayo huua. Mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, kisha mkimbizeni hospitali. Dua someni njiani.

La sita ni mtoto aliye tofauti. Akiwa na miaka miwili haungi maneno mawili, au haitiki akiitwa, msimfiche ndani kwa kuona haya. Viko vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Ulizeni ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi. Kila mwezi unaopotea kwa haya, atakayeulipa ni mtoto.

Turudi kwa yule mama. Twamshauri kesho afuatane na mwanawe, akae naye darasani siku mbili tatu, na aone kwa macho yake kinachomliza. Akiona ni ugeni, utapita. Akiona ni uchovu, na amwombe mwalimu ampunguzie saa, na chuo kingoje kidogo. Akiona ni fimbo, na amshike mkono watoke, wala asione haya ya mtu. Na baba wa mtoto afuatane naye, kwani malezi hayakuandikwa kwa mama peke yake.

Wazee walisema: udongo uwahi ungali maji. Lakini mfinyanzi hodari haupigi udongo. Huushika kwa mikono miwili. Twamuomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, na atujaalie sisi tuwe wazazi watakaokumbukwa nao kwa dua njema. Amin.