Maegesho, Steji na Soko: Somo kutoka Barabara ya Thika

Githurai 45 ni mtaa uliobatizwa na matatu. Nambari 45 ni ya magari yanayotoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea huko kwa Barabara ya Thika, na Githurai 44, iliyo upande wa Kahawa West, nayo ilipata jina lake kwa njia hiyo hiyo. Abiria wanaposhuka jioni huwa wanahitaji nyanya, sukuma wiki, makaa, viatu vya mtoto. Mwenye bidhaa hizo huzipeleka palipo na miguu ya watu. Steji ikazaa soko, na soko likazaa mtaa.

Kilomita chache tu kurudi upande wa jiji, kando ya barabara hiyo hiyo, kuna biashara ya aina nyingine. Barabara ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilipanuliwa kuanzia mwaka 2009 na kuzinduliwa rasmi Novemba 2012. Mwaka uliofuata jumba la maduka la Thika Road Mall lilifunguliwa Roysambu. Mwaka 2015 likafuata Garden City. Haya ni majumba ambayo mteja wake hasa ni mwenye gari: anatoka barabara kuu, anachukua tiketi langoni, anaegesha, ananunua, anaondoka.

Biashara hizi mbili zinatumia lami moja, lakini haziombi ardhi kwa kipimo kimoja. Hilo ndilo suala ambalo wakazi wa kaunti nyingi watakutana nalo, kwa sababu kila panapojengwa baipasi au barabara kuu inapopanuliwa, viwanja vya kando hupanda thamani na maombi ya kujenga hufuata. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti kazi za upangaji na maendeleo, barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani na masoko. Kwa hivyo swali la nani anapangiwa ardhi ya kando ya barabara haliishii Nairobi. Linajibiwa katika afisi ya mipango ya kaunti, kiwanja kimoja baada ya kingine.

Hesabu ya gari moja

Nafasi ya kuegesha gari dogo huwa na upana wa mita 2.5 hivi na urefu wa mita 5. Hizo ni mita za mraba 12.5. Lakini gari haliruki kuingia mahali pake. Linahitaji njia ya kupita na nafasi ya kugeuka, kwa hivyo wapangaji huhesabu mita za mraba 25 hadi 30 kwa kila gari. Kibanda cha mchuuzi cha mita 2 kwa 2 ni mita za mraba 4. Ukimwongezea nafasi nyingine kama hiyo ya wateja kusimama na kupita, unafika 8. Basi gari moja lililoegeshwa limechukua nafasi ya wachuuzi watatu pamoja na wateja wao.

Jumba linalotaka kuegesha magari 500 juu ya ardhi tupu, bila ghorofa za maegesho, linahitaji angalau mita za mraba 12,500. Hizo ni zaidi ya ekari tatu zilizotandazwa lami, na Jumatatu asubuhi sehemu kubwa yake huwa haina kitu. Matatu ya abiria 33 nayo huchukua nafasi ya magari mawili hivi, hushusha watu wake wote kwa dakika chache, kisha huondoka na kumpisha mwenzake.

Ekari hizo tatu zina gharama, hata kama hakuna anayelipishwa langoni. Mwenye jumba huiweka katika kodi ya maduka, na mwenye duka huiweka katika bei ya bidhaa. Mama aliyekuja kwa miguu kununua pakiti ya unga naye amechangia maegesho ambayo hana gari la kuyatumia. Jambo hili halionekani kwenye risiti, na pengine ndiyo sababu halizungumzwi.

Nairobi, takriban safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni za matatu na mabasi. Wanaosafiri kwa magari yao wenyewe ni wachache. Mji ambao wengi wake hutembea unaweza kabisa kujenga biashara kwa ajili ya wenye magari, na hakuna sheria inayokataza. Lakini ni vizuri ijulikane kwamba huo ni uamuzi, na kwamba mji ungeweza kuamua vingine.

Mtindo wenyewe ulitoka mbali. Mwaka 1956 msanifu majengo Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alikamilisha Southdale katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota: maduka chini ya paa moja, yamezungukwa na maegesho ya magari zaidi ya 5,000. Gruen alinuia kuwapa watu wa vitongoji mahali pa kukutana, kama katikati ya mji aliokulia, na alitaka nyumba, shule na bustani zijengwe kando yake. Kilichonakiliwa kote ni maduka na lami. Kabla ya kufariki mwaka 1980 alikuwa ameikana hadharani mitindo iliyodaiwa kutokana na kazi yake. Leo sehemu ya maegesho ya Southdale imejengwa nyumba za kupangisha.

Garissa Lodge: jumba lisilongoja gari

Anayedhani kwamba jumba la maduka haliwezi kuishi bila maegesho makubwa aende Eastleigh. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni. Vita vilipoivunja serikali ya Somalia mwaka 1991, wakimbizi wengi walifika Eastleigh, na baadhi yao walipanga vyumba humo. Chumba cha kulala kikawa pia duka. Mchana nguo na bidhaa nyingine zilitandazwa kitandani, usiku zikasogezwa ili mwenyewe apate kulala. Wenye mali walipoona kwamba chumba kinaingiza zaidi kikiwa duka, jengo zima likageuzwa. Majengo ya jirani yakafuata mtindo huo, orofa juu ya orofa, maduka madogo madogo yaliyobanana.

Kilicholisha biashara hiyo ni matatu za nambari 6 na 9 kutoka katikati ya jiji, pamoja na mabasi ya masafa marefu. Mwenye duka Kitui, Kampala au Arusha alifika kwa basi, akanunua jumla, akafunga mzigo na kurudi kwa basi. Hakuna aliyemuuliza gari lake ameliacha wapi.

Eastleigh haipaswi kusifiwa kupita kiasi. Kwa miaka mingi barabara zake zilikuwa matope na maji taka, na hata baada ya barabara kuu ya mtaa kutengenezwa upya, msongamano ni mkubwa kiasi kwamba gari la zimamoto hupenya kwa shida. Biashara ilikua haraka kuliko mitaro. Hata hivyo jambo moja limethibitishwa pale: kinachovuta wateja ni urahisi wa kufika, na kufika si lazima kuwe kwa gari la mtu binafsi.

Muthurwa: steji iliyohamishwa

Je, basi kaunti ikihamisha steji, soko litahama nayo? Muthurwa ilijaribu. Mwaka 2008 soko lilifunguliwa hapo, mashariki mwa katikati ya jiji, ili wachuuzi watolewe barabarani. Kituo cha matatu kiliwekwa papo hapo kwa hoja iliyoonekana sahihi: abiria wakishukia sokoni, watanunua sokoni.

Hoja hiyo ilisahau kwamba abiria ana anakokwenda. Aliyeshushwa Muthurwa bado alitaka kufika kazini, benki au steji ya gari lake la pili, na ilimbidi atembee hadi huko. Wachuuzi wengi waliona wateja wao wamebaki palepale pa zamani, wakarudi barabarani, na askari wa jiji wakarudi kuwafukuza. Muthurwa haikufa, leo ni soko lenye shughuli nyingi, hasa za mitumba na vyakula. Lakini mchezo wa paka na panya katikati ya jiji haukuisha, na ndilo lililokuwa lengo.

Tofauti kati ya Githurai na Muthurwa ni ndogo ukiitazama kwenye ramani. Githurai abiria anashuka kwa sababu amefika nyumbani. Muthurwa alishuka kwa sababu gari liliamriwa lisivuke hapo.

Lango la mguu

Turudi Barabara ya Thika. Majumba ya maduka yana faida zake, na wakazi wanaoyatumia hawahitaji kuambiwa: vyoo safi, usalama, benki, mahali pa watoto kucheza, ajira. Ni ajira hizo zinazofichua kasoro. Karani wa supamaketi, mpishi, mfagiaji na mlinzi hawaji kwa gari. Wanashuka kwenye steji, na usiku maduka yakifungwa wanatoka kwenda kutafuta matatu. Kama wanakwenda upande wa pili, kati yao na nyumbani kuna barabara yenye njia nyingi za magari ya kasi.

Barabara ya Thika ina madaraja ya waendao kwa miguu, lakini hayako kila mahali watu wanapotaka kuvuka. Mtu aliyechoka hulinganisha mwendo wa kwenda hadi darajani na kurudi, giza lililopo juu yake, na zile sekunde chache za kukimbia. Katika Kenya nzima, waendao kwa miguu ni zaidi ya thuluthi moja ya wanaouawa barabarani. Kuwalaumu kwamba hawatumii daraja ni rahisi. Kuliweka daraja pale steji na lango la jengo vinapokutana ni kazi ya mpangaji, na hufanyika kwa gharama ndogo iwapo imo kwenye mchoro tangu mwanzo.

Usafiri wa umma wa mwendo kasi umengojewa sana kwenye barabara hii. Mwaka 2017 mamlaka ya usafiri ya jiji kuu, NAMATA, iliundwa kwa ajili ya kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mwaka 2018 mstari mwekundu ulichorwa barabarani kutenga njia ya mabasi, lakini mabasi hayakuja, na rangi ikafifia chini ya magurudumu ya magari mengine. Ujenzi wa vituo ulianza baadaye na umekwenda kwa kusuasua. Majumba hayakungoja. Yalijengwa kwa usafiri uliokuwapo siku mchoro ulipopitishwa, na jengo likishasimama, lango lake halihami kirahisi.

Kabla ya kibali kutolewa

Ndiyo maana wakati wa mkazi kusema ni kabla ya msingi kuchimbwa. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi awatangazie wananchi mradi wake na kuwaalika watoe pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Sheria hiyo pia ina kipengele ambacho wengi hawakijui: mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa muda wa siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Kimya cha afisi kinaweza kuwa ndiyo, na mkazi anayesubiri kuitwa mkutanoni anaweza kukuta mabati ya ujenzi yamekwisha kuzungushwa.

Anayekwenda kutazama mchoro asitishwe na mistari. Atafute kwanza mahali mtu wa miguu anapoingilia, na kama ni lango lake mwenyewe au ni kupenya kati ya magari. Atafute steji: iko ndani ya mchoro, kando yake, au haipo kabisa? Aulize wachuuzi walio hapo sasa wamepangiwa wapi, na jibu lionyeshwe kwenye ramani, lisiwe la mdomo. Kisha afuate maji. Ekari tatu za lami hazinywi mvua, na mtaro usipochorwa, maji hayo yataingia kwenye nyumba zilizo chini ya mteremko. Suala hilo la mwisho huwa halina mtetezi hadi masika yafike.

Pingamizi si lazima liwe la kuukataa mradi. Linaweza kuomba lango, daraja, taa, au sehemu ya maegesho ipunguzwe ili steji na vibanda vipate nafasi. Liwe la maandishi, litaje nambari ya kiwanja na jambo linaloombwa, na mwandishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwenye maslahi asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 tangu uamuzi huo kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, nayo kamati ina siku 14 za kuisikiliza na kuiamua. Baada ya hapo njia iliyobaki ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.