Kifuko cha Nyongo: Upasuaji wa Matundu Madogo Ukishindikana



Leo tuzungumzie jambo linaloleta maneno mengi miongoni mwetu hapa Uingereza. Mtu anakwenda kuondolewa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo na kamera. Ameambiwa huenda atarudi nyumbani siku ile ile. Akizinduka, ana mshono mrefu chini ya mbavu za kulia, au mpira umetoka ubavuni. Ndugu wanasema, "Wamemharibu." Mara nyingi sivyo.

Kwa nini inakuwa vigumu?

Kifuko hiki kiko chini ya ini na kinahifadhi nyongo, ambayo husaidia kusaga mafuta. Vijiwe vikiziba mlango wake, kinavimba. Kikivimba mara kwa mara, kinagandamana na ini, utumbo na mrija mkuu wa nyongo. Wengi wetu tunavumilia maumivu haya tukidhani ni vidonda vya tumbo, na tukichelewa kazi ya daktari inazidi kuwa ngumu.

Kabla ya kukata, daktari lazima aone wazi vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko: mrija wake mdogo na mshipa wake wa damu. Akikata mrija mkuu kwa bahati mbaya, mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji mwingine mkubwa. Kwa hiyo asipoona vizuri, ni busara abadilishe njia.

Njia alizonazo

1. Kuondoa sehemu ya kifuko. Anatoa vijiwe na sehemu kubwa ya kifuko, anaacha ile iliyo karibu na mrija mkuu. Nyongo inaweza kuvuja kwa muda, ndiyo maana unawekewa mpira. Mara chache vijiwe hurudi katika sehemu iliyobaki.

2. Kufungua tumbo. Kwa kawaida utalala hospitali siku 3 hadi 5, na kupona huchukua wiki 6 hadi 8. Kwa matundu madogo ni kama wiki 2. Hata tumbo likifunguliwa, huenda bado akaondoa sehemu tu.

3. Kusitisha. Anaweka mpira kutoa nyongo au usaha, unapewa dawa, na upasuaji unapangwa baadaye.

Kabla ya kutia sahihi

Uliza: "Msipoona vizuri mtafanya nini?" Taja operesheni zote ulizowahi kufanyiwa, na dawa zote unazotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani. Katika hospitali za NHS ni bure. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Waambie kazini kwamba mapumziko yanaweza kurefuka.

Baada ya upasuaji

Uliza kama kifuko kimetoka chote au sehemu, na uitunze barua ya hospitali. Siku ukipata tena maumivu yale yale, hata kama umehamia nchi nyingine, daktari atahitaji kujua hilo.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi, kinyesi kikiwa cheupe, ukipata homa, au tumbo likizidi kuuma, usingoje miadi. Piga simu wodini au 111 siku hiyo hiyo. Ukizidiwa sana, piga 999.