Upogoaji wa Bogenvilia Uzioni

Wakazi wengi hupanda bogenvilia ili ipambe uzio na kuzuia mifugo, kisha huiacha ikue ipendavyo kwa kuhofu kwamba ikikatwa itakosa maua. Hofu hiyo haina msingi. Mmea huu huchanua kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo tawi lililokatwa kwa wakati wake ndilo litakalotoa maua mengi zaidi. Usipokatwa huinamia njia, miiba yake huwachoma watoto waendao shule, na kwenye kona huwazuia madereva wasiwaone waendao kwa miguu.

Kupanda
Chagua mahali pasipotuama maji, penye jua kwa saa sita au zaidi kila siku, mita moja au zaidi ndani ya mpaka wako. Mwanzoni mwa mvua, kata kipande cha tawi lililokomaa, chenye unene wa penseli na urefu wa sentimeta 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, kisha kichomeke ili vifundo viwili viwe chini ya udongo. Kikishashika mizizi, punguza maji. Maji na samadi vikizidi, utapata majani mengi na maua machache.

Kupogoa
Tuyaitayo maua ni majani yenye rangi yanayozunguka maua halisi, ambayo ni madogo na meupe. Majani hayo yakififia na kupukutika, wakati wa kukata umefika. Vaa glavu nene na ukinge macho. Anza kwa kuondoa shinani matawi makavu na yaliyosongamana. Kisha fupisha machipukizi marefu kwa theluthi moja, ukikata juu kidogo ya kifundo.

Tahadhari
Tawi lililofikia nyaya za umeme usiliguse. Toa taarifa kwa shirika la umeme au ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Matawi yaliyokatwa yasitupwe mferejini, kwani miiba hunasa taka, mfereji huziba, na mvua ikinyesha maji huingia katika nyumba za walio bondeni. Yakate vipande vifupi na kuyafunga mafungu kwa ajili ya wazoa taka.

Kila mkazi aukague uzio wake mapema, kabla mvua za masika hazijaanza.