Kung'oa Jino kwa Mtumiaji wa Dawa za Mifupa

Swali: Mwanamke wa miaka 68 anayemeza alendroneti kila wiki kwa sababu ya udhaifu wa mifupa ameambiwa ang'olewe gego. Je, aiache dawa kwanza?

Jibu: Alendroneti, iliyo katika kundi la bisfosfoneti, huzuia seli zinazomeng'enya mfupa, na kwa kuwa taya huzihitaji seli hizohizo ili kujijenga upya baada ya jino kung'olewa, hutokea kwa nadra kidonda kisifunge na mfupa ukabaki wazi kwa zaidi ya wiki 8, hali iitwayo nekrosi ya taya, yaani kufa kwa sehemu ya mfupa huo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa kupitia mshipa. Kusitisha vidonge kwa siku chache hakuna faida ya maana, kwani dawa hukaa mfupani kwa miaka; ama sindano ya denosumabu, dawa nyingine ya udhaifu wa mifupa itolewayo kila miezi 6, kuichelewesha ovyo kwaweza kuleta mivunjiko ya pingili za mgongo. Kuziba na kusafisha meno hakuna tatizo. Kabla ya kung'oa, daktari wa meno aelezwe jina la dawa na muda ambao imetumika, na dawa isiachwe bila idhini ya daktari aliyeiandika.