"Huyu ni wa Nani?" Kuwafundisha Watoto Wadogo Habari za Ruthu



Wakati wa likizo nilipangiwa kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu katika kigango kimoja, kila Jumapili baada ya ibada. Walikuwa watoto wa miaka mitano hadi minane. Siku moja niliwasimulia habari za Ruthu, nikiamini nimejiandaa vya kutosha. Nilipomaliza, msichana mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akanyosha mkono. Alikuwa ameletwa kwa bibi yake miezi michache tu kabla ya hapo, na wenzake walikuwa bado wanamwita "yule wa kuja". Akauliza: "Frateri, walipofika Bethlehemu, kuna mtu alimsalimia Ruthu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kumjibu Jumapili inayofuata, na jioni ile nikakisoma upya kitabu chote. Kina sura nne tu, lakini swali la mtoto yule lilinifanya nikisome kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza. Ninawaandikia hasa waseminari wenzangu, makatekista na wazazi.

Maandiko yanasema nini?

Habari hizi ni za wakati wa Waamuzi. Njaa iliingia Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Elimeleki na mkewe Naomi wakahamia nchi ya Moabu pamoja na wana wao wawili. Elimeleki akafa huko. Wana wale wakaoa wanawake wa Kimoabu, Orpa na Ruthu, na baada ya miaka kama kumi nao wakafa. Naomi akaamua kurudi kwao. Orpa alilia, akamuaga. Ruthu alikataa kumwacha mkwewe: watu wa Naomi watakuwa watu wake, na Mungu wa Naomi atakuwa Mungu wake (Rut 1:16-17).

Tusipite haraka hapa. Ruthu hakuanza kwa kujifunza mafundisho. Alimjua Mungu wa Israeli kupitia mtu mmoja aliyempenda, naye mtu huyo wakati ule alikuwa na uchungu mwingi. Imani na kuwa sehemu ya watu wa Mungu viliingia kwake kwa mlango mmoja.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Walipofika Bethlehemu mji mzima ulitaharuki, na wanawake wakaulizana kama kweli yule ni Naomi (Rut 1:19). Habari ya Ruthu hakuna aliyeiuliza. Naomi mwenyewe akawaambia kwamba aliondoka akiwa amejaa, na Bwana amemrudisha mtupu (Rut 1:21). Aliyasema hayo huku Ruthu, aliyeacha kila kitu kwa ajili yake, akiwa pale pale.

Katika sura ya pili Ruthu anakwenda kuokota masazo ya mavuno. Torati ilikuwa imewaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni kabisa, bali wawaachie maskini na wageni (Law 19:9-10). Boazi, mwenye shamba, anamwona na kumwuliza msimamizi swali zito: msichana huyu ni wa nani? (Rut 2:5). Msimamizi anajibu kwamba ni yule Mmoabu. Hamtaji jina, anataja kabila. Na Umoabu haukuwa jambo dogo, kwa maana Kumbukumbu la Torati (23:3) lilimzuia Mmoabu asiingie katika kusanyiko la Bwana.

Neno la kwanza Boazi analomwambia Ruthu ni "binti yangu" (Rut 2:8). Kisha anamruhusu anywe maji ya wafanyakazi, na wakati wa chakula anamkaribisha akae na wavunaji, ale mkate pamoja nao, naye anashiba na kubakiza (Rut 2:14). Huenda Boazi alielewa kwa sababu yaligusa nyumba yake mwenyewe. Mtakatifu Mathayo anatuambia kwamba mama yake alikuwa Rahabu, naye anajulikana kuwa mwanamke mgeni wa Yeriko (Mt 1:5).

Kosa nililolifanya

Jumapili ile ya kwanza nilihitimisha somo hivi: "Watoto, muwe kama Ruthu. Muwe watiifu, mfanye kazi kwa bidii, na watu watawapenda." Ni maneno mazuri masikioni. Lakini fikiri jinsi mtoto wa mwisho wa benchi alivyoyasikia. Kama watu watakupenda ukiwa mwema, basi wasipokusalimia kosa ni lako.

Maandiko hayasemi hivyo. Ni kweli, Boazi anausifu wema wa Ruthu. Lakini masazo shambani yalikuwa yake tayari kabla hajajulikana kuwa mwema, kwa sababu tu alikuwa mgeni na maskini. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Kwa Ubatizo tunafanywa viungo vya Mwili wa Kristo (Katekisimu ya Kanisa Katoliki, 1267), na wengi wetu tulibatizwa kabla hatujaweza kutamka hata neno moja la kujitetea. Hatukustahili kwanza ndipo tukapokelewa. Tulipokelewa, na sasa tunafundishwa kuishi kama watu wa nyumbani.

Kwa hiyo somo hili halimhusu mtoto mgeni tu. Linawahusu zaidi wale waliokwisha kukaa kwenye benchi. Usiwaulize tu, "Utakuwaje kama Ruthu?" Waulize pia, "Nani amesimama kando yako, nawe hujamwona?"

Namna ya kusimulia

Kwa watoto wa umri huu dakika kumi zinatosha. Fuata hatua nne, na kila hatua iwe na tendo.

Kwanza, njia. Watoto wawili watembee taratibu kuzunguka chumba wakiwa wameshikana mikono. Waambie kwamba Naomi alikuwa na huzuni sana, na Ruthu alikataa kumwacha atembee peke yake.

Pili, mji. Watoto wengine wote wamkimbilie Naomi na kumsalimia. Kisha simama kimya kidogo. Uliza: "Ruthu yuko wapi? Anajisikiaje?" Waache wajibu wenyewe.

Tatu, shamba. Mwaga punje za mahindi au mpunga juu ya mkeka, kila mtoto aokote kidogo. Eleza kwamba shayiri ni nafaka inayofanana na ngano, na kwamba Boazi aliwaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi ili Ruthu apate. Jioni alikuwa na efa moja, ambayo kwa makadirio ya wengi ni kama debe moja.

Nne, chakula. Kaeni duara na mgawane mkate au viazi. Kila mtoto amkabidhi jirani yake kipande huku akimwita kwa jina lake. Asiyelijua jina la mwenzake aulize kwanza. Kisha malizia: Ruthu aliolewa na Boazi, akamzaa Obedi. Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa mfalme Daudi, na katika ukoo huo akazaliwa Bwana wetu Yesu, mjini Bethlehemu.

Mambo ya kuangalia

Habari ya usiku kwenye uwanja wa kupuria, katika sura ya tatu, iache mpaka watakapokua. Inatosha kusema kwamba Boazi alikubali kuwatunza Ruthu na Naomi kwa sababu alikuwa ndugu wa Elimeleki.

Vifo vitatu vya sura ya kwanza vitaje kwa maneno machache na ya kweli. Katika kundi lako yumkini yupo aliyefiwa na baba au mama. Usitafute sababu ya vifo hivyo, na usiseme Mungu alikuwa anamwadhibu mtu. Naomi mwenyewe alilalamika mbele za Mungu, na Mungu hakumwacha.

Orpa naye usimfanye mtu mbaya. Alimpenda Naomi, alilia, na aliondoka kwa ushauri wa mkwewe. Mtoto ambaye mzazi wake ameondoka nyumbani hahitaji kusikia tukimhukumu kila anayeondoka.

Mwisho, usimnyoshee kidole mtoto mgeni ukisema, "Ruthu wetu ni huyu hapa." Utamwaibisha. Acha hadithi ifanye kazi yake.

Jumapili iliyofuata

Nilirudi kigangoni na jibu. Nilimwambia mtoto yule mbele ya wenzake: "Uliuliza swali zuri. Biblia haimtaji mtu yeyote aliyemsalimia Ruthu siku ile. Lakini Mungu alimwona, na baadaye wanawake wale wale walisema anamfaa Naomi kuliko wana saba" (Rut 4:15). Alitikisa kichwa tu, akakaa.

Kisha nikafungua daftari la mahudhurio nianze kuita majina. Jina lake halikuwemo. Kwa Jumapili nne alikuwa amekuja, akakaa, akasikiliza, na mimi niliyefundisha habari za Ruthu sikuwa nimemwandika. Nilimwuliza jina, nikaliandika mbele yake kwa kalamu, kwa herufi kubwa. Hilo ndilo lilikuwa fundisho langu la siku ile, na lilinipasa mimi kabla ya watoto.

Utoto Mtakatifu ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wawasaidie watoto wenzao. Msaada huo unaweza kuanza na jambo dogo kama kusogea kwenye benchi ili mwingine apate nafasi.

Ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu Ndogo Ndogo, ni familia ipi imehamia karibuni, na nani amekwisha kuibisha hodi?
2. Je, kuna mtu tunayemtaja kwa kabila, kazi au mahali alikotoka badala ya jina lake?
3. Je, majina ya watoto wetu wote yamo kwenye daftari la mafundisho, hata wale wanaolelewa na ndugu?

Sala ya watoto

Ee Mungu Baba yetu, ulimwona Ruthu wakati watu hawakumwona. Utupe macho ya kumwona mwenzetu aliye peke yake, na ulimi wa kumwita kwa jina lake. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.