Chembe za Kimyanga: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Maabara

Kimyanga, ugonjwa wa mpunga ulioonekana mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966, huletwa na virusi vya RYMV. Chembe yake ni ganda la protini 180 lililofumbata RNA. Penye asidi na kalisi, ganda hukaza. Kalisi ikiondolewa kwa EDTA na pH ikapanda, huvimba. Maana yake, chochote unachoigusisha chembe hii kinaweza kuibadilisha umbo kabla hujaitazama.

FANYA

Pima pH ya bafa katika joto lile lile la kazi. Bafa ya Trisi yenye pH 8 kwenye nyuzi 25 hufika karibu 8.6 ukiipeleka kwenye jokofu la nyuzi 4. Wengi hupuuza hili, kisha wanashangaa chembe zimevimba zenyewe.

Andika majani yalivunwa siku ya ngapi tangu mche uambukizwe. Hali ya chembe kwenye jani hubadilika kadiri ugonjwa unavyoendelea.

Baada ya kuvimbisha kwa EDTA, rudisha kalisi ya kutosha, ushushe pH, utazame kama ganda linakaza tena. Lisipokaza, huenda hukuvimbisha kitu, umevunja.

Hakiki kwa senchafuji. Chembe iliyovimba hushuka polepole kuliko iliyokaza.

USIFANYE

Usiamini picha ya hadubini ya elektroni iliyopakwa yuranili asetati peke yake. Rangi hiyo ni ya asidi, pH yake iko karibu 4.5. Chembe uliyoivimbisha kwa saa nzima inaweza kukaza palepale kwenye gridi, nawe ukaandika kwamba haikubadilika. Ukiweza, igandishe ghafla bila rangi yoyote.

Usitie kalisi kwenye bafa ya fosfati. Utapata mashapo meupe, na kalisi uliyoipima haimo tena.

Usiguse bila glavu. Vidole hubeba vimeng'enya vinavyokata RNA, na ganda lililovimba haliilindi vizuri.

Usimwage wala kutupa mabaki ovyo. Yote yaende otoklevu kwanza. Virusi hivi huambukiza kwa utomvu tu: mikono, mundu, hata mbawakawa anayetafuna jani. Na ukitoka maabara, usipitie kwenye kitalu cha mpunga.